Muulize Fundi: Kadi ya TV ambayo Linux haiitambui

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tabata Kimanga. Mwezi uliopita nilinunua Kariakoo kadi ya TV ya kuchomeka kwenye USB, ile inayofanana na flashi na ina tundu la antena. Boksi limeandikwa DVB-T2, yaani TV ya dijitali ya antena ya kizazi cha pili, ndani kuna CD ya Windows. Kwa jirani mwenye Windows inaonyesha vizuri. Mimi natumia Linux Mint. Nikiichomeka, taa inawaka, basi. Hakuna /dev/dvb, folda inayotokea kadi ya TV ikitambuliwa. Amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, inatoa namba inayoanza na 0bda, lakini nusu ya pili siioni kwenye orodha yoyote. Nilimrudia muuzaji, akaniambia Linux haiwezi TV. King'amuzi cha nyumbani kimekufa, watoto wanalilia mpira na mama yao anataka taarifa ya habari ya saa mbili. Nifanyeje? — Mwalimu, Tabata

Marahaba mwalimu. Muuzaji wako ni mfanyabiashara, msamehe. Linux inaweza TV tangu zamani, tena kadi hiyo uliyonayo ina kila dalili ya kuamka. Shida yake ni jina tu.

Nenda Manzese ukaulizie mtu kwa jina lake la kitambulisho. Utazunguka mpaka viatu viishe soli, kila mtu anakwambia hamjui. Taja kwamba ni yule mrefu anayeuza mkaa, baba yake Zai, na mtoto wa miaka mitano atakupeleka mpaka mlangoni. Draiva za Linux, yaani programu zinazoendesha vifaa, nazo ziko hivyo hivyo. Kila kifaa cha USB kikichomekwa kinajitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Draiva ina orodha ya namba inazozijua. Namba isipokuwemo, draiva haiinuki kwenye kiti, hata kama chipu zilizo ndani ni zilezile inazozifahamu toka enzi.

Hiyo 0bda ni ya Realtek. Kwenye draiva inayohusika, jina lake dvb_usb_rtl28xxu, namba za Realtek wenyewe zinazoishia 2832 na 2838 zimo. Yako inaishia kwingine kwa sababu kiwanda kilichounganisha kadi kiliandika namba yake kwenye kijichipu cha kumbukumbu. Kwa hiyo kabla hujagusa temino (dirisha la kuandikia amri), nataka ufungue kadi yenyewe.

Najua unaogopa, lakini haina skrubu. Chukua kiwembe, upitishe kwenye mstari wa katikati ya plastiki upande wa mbali na tundu la antena, halafu uzungushe kidogo. Italia "tak". Ndani utaona chipu mbili au tatu nyeusi. Maandishi yake ni madogo na kijivu chake hakionekani kwa kutazama moja kwa moja. Zima taa ya juu, washa tochi ya simu na uiweke ubavuni, ilale karibu na meza, kisha piga picha kwa simu nyingine na uivute. Herufi zitajitokeza. Zikiwa na vumbi au gundi, pamba yenye spiriti inatosha. Usikwangue.

Unatafuta vitu vitatu. Kwanza, chipu kubwa inayozungumza na USB: kwenye kadi za aina yako huwa ni RTL2832P, au RTL2832U. Pili tyuna, yaani ile inayochagua masafa: R828D ni ya kawaida sana kwenye kadi za T2. Tatu, na hii ndiyo roho ya kadi, dimoduleta inayofasiri mawimbi ya T2: MN88472, MN88473, CXD2837ER au Si2168. Kwa nini iwepo ya tatu? Kwa sababu RTL2832 peke yake inafasiri DVB-T ya kwanza tu, haijui T2. Kadi yenye RTL2832U na tyuna bila dimoduleta ya pembeni haitaona stesheni hata moja ya antena hapa Dar, hata boksi liwe limeandikwa T2 kwa herufi za dhahabu. Mezani kwangu ninazo kadi mbili zilizotoka duka moja, boksi moja, picha ya boksi moja, bei moja. Moja ina MN88473. Nyingine, mahali pa chipu hiyo pana madoa ya risasi ya kulehemu na nafasi tupu. Ya kwako imeshaonyesha kwa jirani, kwa hiyo hilo limekwisha. Soma chipu tu ujue ni ipi.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Kabla ya kazi kubwa, ondoa mambo mawili madogo yanayowapotezea watu wiki nzima. La kwanza: kwenye familia ya Ubuntu, na Mint ikiwemo, draiva nyingi za TV zimo kwenye kifurushi cha linux-modules-extra. Andika

modinfo dvb_usb_rtl28xxu

ikikujibu kwamba haipo, weka kifurushi hicho kinacholingana na toleo la kerneli yako, yaani kiini cha Linux. La pili: kama uliwahi kuweka programu za redio za rtl-sdr, huenda zimeifungia draiva hii makusudi. Tafuta neno blacklist ndani ya /etc/modprobe.d. Mwaka 2012 watu waligundua kwamba kadi hizi za RTL2832U zinaweza kugeuzwa redio ya kusikiliza karibu chochote, na tangu hapo nusu ya maelekezo utakayokutana nayo yanakwambia uizime draiva ya TV. (Mchezo wenyewe mtamu. Mimi naishi Kipawa, na kwa kadi moja na kipande cha waya nasoma ndege zinazoshuka Julius Nyerere kwenye megahezi 1090, namba ya safari na urefu wake angani. Mke wangu anasema nimezeeka vibaya.)

Vyote viwili vikiwa sawa na bado kimya, basi ni suala la jina kweli. Utasikia ushauri wa kuandika namba kwenye faili liitwalo new_id ili draiva ijifunze palepale. Kwa draiva nyingine ushauri huo ni mzuri, lakini draiva hii mlango huo imeufunga, na faili lenyewe hutalikuta. Inabidi uandike jina kwenye daftari lake, kisha ukompaili, yaani ugeuze msimbo uwe programu.

Chukua msimbo wa kerneli wa toleo lilelile unalotumia. Amri ya uname -r itakwambia ni lipi. Fungua faili la drivers/media/usb/dvb-usb-v2/rtl28xxu.c na ushuke karibu na mwisho, utakuta orodha. Kuna mstari huu:

{ DVB_USB_DEVICE(USB_VID_REALTEK, 0x2838, &rtl28xxu_props, "Realtek RTL2832U reference design", NULL) },

Unakili chini yake, badilisha 0x2838 iwe nusu yako ya pili, na ndani ya alama za kunukuu andika jina lolote. Mimi ya kwangu niliiita "Kadi ya Fundi". Hujaandika kuhusu tyuna wala dimoduleta, na huhitaji, maana draiva ikishakubali kuamka inagonga mlango wa kila chipu yenyewe na kujua nani yuko ndani.

Tafadhali usikompaili kerneli nzima. Nasema hivi kwa uchungu. Mara yangu ya kwanza sikujua, nikaianzisha yote jioni kwenye kompyuta ya mtumba yenye feni inayolia kama bajaji inayopanda mlima. Saa nane usiku LUKU ikaisha. Faili moja ndilo linahitajika, na kazi yake haifiki hata muda wa kuchemsha chai. Ukiwa ndani ya folda ya msimbo:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
make modules_prepare
cp /lib/modules/$(uname -r)/build/Module.symvers .
make M=drivers/media/usb/dvb-usb-v2 modules

Litakalozaliwa linaitwa dvb-usb-rtl28xxu.ko. Tengeneza folda ya updates ndani ya /lib/modules/$(uname -r)/, ulitie humo, kisha sudo depmod -a. Folda ya updates husomwa kabla ya ile ya asili, kwa hiyo huna haja ya kufuta kitu. Ukipata ujumbe wa "Invalid module format", toleo la msimbo halijalingana na kerneli yako herufi kwa herufi. Tazama mstari wa EXTRAVERSION juu kabisa ya Makefile. Na kama kompyuta ina Secure Boot, itaikataa moduli isiyo na saini. Mimi huizima kule kwenye mipangilio ya kuwashia. Halafu ujue kwamba kila kerneli itakapopanda toleo, kazi hii unairudia. Iandike kwenye skripti mapema, kabla hujasahau.

Chomeka kadi, andika dmesg usome ujumbe wa kerneli. Safari hii itazungumza. Lakini usishangae ukiona inalalamika kwamba faili dvb-demod-mn88473-01.fw halijapatikana (au jina linalofanana, kutegemea chipu uliyosoma kwa tochi). Hiyo ni fimwea, programu ndogo inayomiminwa ndani ya dimoduleta kila inapopata umeme. Kwenye Windows CD ilifanya kazi hiyo kimyakimya. Mradi wa LibreELEC umezikusanya fimwea za TV za aina nyingi mahali pamoja. Chukua unayoihitaji, iweke kwenye /lib/firmware, chomoa kadi, chomeka tena. Kuchomoa ni lazima.

Hapa sasa ndipo wengi hukata tamaa wakiwa mlangoni. Wanatafuta stesheni, kompyuta inapita masafa yote, haikuti hata moja, wanasema kadi mbovu. Tazama ndani ya /dev/dvb/adapter0. Kadi yenye dimoduleta mbili inakupa frontend0 na frontend1. Mmoja ni RTL2832 asiyejua T2, mwingine ndiye mjuzi wako. Nani ametangulia inategemea umri wa kerneli, kwa hiyo uliza kila mmoja:

dvb-fe-tool -a 0 -f 0
dvb-fe-tool -a 0 -f 1

Anayetaja DVBT2 ndiye wa kumtumia. Kisha tengeneza faili la masafa, uliite dar.conf:

[CHANNEL]
DELIVERY_SYSTEM = DVBT2
FREQUENCY = 474000000
BANDWIDTH_HZ = 8000000

Hiyo ni chaneli ya 21 ya UHF. Zinazofuata zinapanda kwa megahezi 8 kila moja. Ukitaka kupiga hesabu, zidisha namba ya chaneli kwa 8 halafu ongeza 306. Andika mafungu kama hayo mpaka chaneli ya 48, ambayo ni megahezi 690. Halafu:

dvbv5-scan -a 0 -f 1 dar.conf

Weka 0 badala ya 1 kama mjuzi wako ni huyo. Ikikunyima ruhusa, jiongeze kwenye kundi la video, toka, ingia tena. Ukiona neno Lock, ita familia.

Usipoliona, shuka kwenye antena kabla hujatukana programu. Kile kijiti chenye sumaku kilichokuja kwenye boksi ni pambo. Chini ya bati, ndani ya nyumba ya tofali, hakisikii kitu. Tumia antena ya UHF ya nje, ielekeze kule majirani walikoelekeza za kwao, na utafute kiunganishi cha kutoka tundu la kawaida la TV kwenda kwenye katundu kadogo ka kadi. Ukimenya waya, hakikisha hata unyuzi mmoja wa ule wavu wa nje haugusi waya wa katikati. Niliwahi kukaa siku nzima nikibadilisha draiva za mteja wa Ilala, kumbe unyuzi mmoja mwembamba kuliko unywele ndio uliokuwa unagusa. Nilimwambia tatizo lilikuwa kubwa. Lilikuwa kubwa kwa upande wangu.

Kwa kutazama, Kaffeine ni rahisi na T2 inaifahamu. Ukitaka watoto waone mpira kwenye simu wakati mama yao yuko na taarifa ya habari, weka Tvheadend, kompyuta itagawa matangazo kwa Wi-Fi ya ndani bila kula bando. Sharti lake moja: chaneli hizo mbili ziwe zinarushwa kwenye masafa mamoja, kwa sababu tyuna unayo moja. Yasipokuwa mamoja, mwalimu, hapo tena si suala la Linux.

Fundi, habari za kazi. Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba iliyotoka Uingereza. Ndani nimekuta kadi ya TV ya PCI. Linux inaiona kama Philips SAA7131, ila dmesg inasema bodi haijulikani, nijaribu card= na namba, halafu hapohapo inaonya naweza kuiharibu. Namba ziko zaidi ya mia. Nianzie wapi? — Kijana wa Mbagala

Salama. Usianze.

Onyo hilo ni la kweli. Unapotaja namba ya bodi, unaiambia draiva ni pini zipi ziwashwe na zipi zizimwe, na bodi isiyo yako ina pini zake. Angekuwa mtu mwenye sababu nzuri, ningemwambia asome maandishi ya kwenye bodi na namba ya subsystem anayopewa na lspci -vn, alinganishe na orodha, ajaribu zile mbili tatu zinazofanana tu. Wewe sababu huna. Kadi za familia hiyo upande wao wa dijitali ni DVB-T ya kwanza, na kiwango cha T2 kilichapishwa mwaka 2009, wakati kadi nyingi za namna hiyo zilikuwa tayari zina vumbi. Ya T haifasiri T2 hata uibembeleze vipi. Si suala la draiva. Kwa Uingereza bado ilikuwa na kazi kwa sababu kule waliendelea kurusha DVB-T pamoja na T2. Upande wake wa analojia nao ulikufa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya zamani ilipozimwa.

Lakini usiitupe. Nyuma ina tundu la kuingizia picha, lile la waya wa njano. Bila kutaja namba yoyote, draiva huichukulia kama bodi ya jumla, na mara nyingi tundu hilo hufanya kazi hivyohivyo. Ukiwa na deki ya VHS inayozunguka, unaweza kuzihamisha kanda za harusi za miaka ya tisini kabla ukungu haujazimaliza. Hapa mtaani mama mmoja kaniletea kanda kumi na moja, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya send-off yake. Alisimama nyuma ya kiti changu mpaka mwisho, mkono mdomoni, akinitajia waliokwishatangulia.

Nikifanikiwa kuwasha kadi kwenye Linux, nitaona na chaneli za kulipia bure? Kuna mtu kaniuzia faili la kufungulia kwa elfu kumi na tano. — Msomaji, Kigamboni

Hapana. Utaziona kwenye orodha kwa majina yake yote, ukibonyeza unapata kiza. Zimefungwa kwa msimbo unaofunguliwa na kadi ya mlipaji iliyo ndani ya king'amuzi, na hiki kijiti chako hakina hata pa kuichomeka. Faili lenyewe ulilonitumia nimelifungua: ni orodha ya masafa, ileile niliyomwandikia mwalimu hapo juu, tena mistari minne imekosewa. Kamdai hela yako.